Mchukuzi ni Nani? Habari za Neno la Kiingereza “Carry”



Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za neno moja la Kiingereza, neno dogo ambalo kila mwanafunzi hulijua tangu mwanzo wa kujifunza lugha ile. Neno lenyewe ni “carry”. Herufi zake ni c, a, r mbili, na y. Katika wakati uliopita ile y hugeuka kuwa i, kisha huongezwa mwisho wake. Mwalimu akiulizwa maana yake hujibu upesi, “kuchukua”, akaendelea na somo lake, na kwa siku nyingi jawabu hilo latosha. Lakini sisi tukaao huku Unyamwezi, penye njia ya zamani itokayo Bagamoyo kuja Tabora na kushuka hata Ujiji, haifai turidhike na jawabu fupi namna hiyo, maana njia yetu ilijengwa kwa tendo hili na kwa mabega ya waliolitenda.

Tutwae mfano. Katika vitabu vya habari za wasafiri waliopita hapa miaka ya 1857 na kuendelea, mara kwa mara mtakuta sentensi ya namna hii: “The traveller carried seventy loads to Tabora.” Mwanafunzi hufasiri: “Msafiri alichukua mizigo sabini mpaka Tabora.” Hakukosa neno hata moja. Lakini mtoto mdogo akiisikia atauliza, “Mtu mmoja aliwezaje?” Na swali la mtoto huyo ndilo swali langu la leo.

Kwanza tutazame mali tuliyo nayo sisi wenyewe. Kiswahili si maskini wa maneno ya kuchukua mizigo. Liko neno “kubeba”, ambalo asili yake ni kumchukua mtoto mgongoni katika mbeleko, ingawa siku hizi watu hulitumia kwa kila namna ya mzigo. Liko “kutwika”, yaani kumwinulia mtu mzigo na kuuweka kichwani pake, juu ya kata au ngata. Naye ajiwekeaye mwenyewe pasipo msaidizi husemwa amejitwika, na ndiyo maana mtu aliyejitia katika matata twasema amejitwika mzigo usio wake. Liko “kutua”, kuushusha mzigo chini taratibu, na “kubwaga”, kuutupa chini kwa kishindo. Kutokana na “kutua” tulipata neno “kituo”, mahali ambapo msafara ulishusha mizigo ukapumzika. Zama zile msafara ulihesabu safari yake kwa vituo. Leo kuna kituo cha gari la moshi, kituo cha afya, kituo cha polisi, wala hakuna akumbukaye ya kuwa neno hilo lilitoka katika shingo ya mtu aliyechoka.

Kutokana na “kubwaga” wengi husema lilipatikana jina la mji wa Bagamoyo, kwamba ni bwaga moyo. Wako wafasirio ya kuwa wapagazi walipoona bahari walituliza mioyo, taabu imekwisha. Na wako wafasirio ya kuwa watumwa walipofika pale waliiacha mioyo yao nyuma, kwa kuwa mbele yao palikuwa na jahazi. Njia ilikuwa moja, na walioipita kwa hiari na waliopitishwa kwa minyororo wote walikanyaga vumbi lile lile. Mimi sitaamua baina ya tafsiri hizo mbili.

Tena liko neno “kupagaa”. Hilo ndilo neno la njia yetu hasa. Kupagaa ni kuchukua mzigo begani, naye afanyaye kazi hiyo ndiye mpagazi. Wasafiri wengi waliandika ya kuwa Mnyamwezi alipenda kuweka mzigo wake begani, na mtu wa pwani aliuweka kichwani. Hata kwa mbali mtu aliweza kutambua msafara ni wa nani. Na angalieni ajabu ya lugha: neno hili hili twalitumia kwa pepo. Mtu aliyeingiwa na pepo husemwa amepagawa. Pepo amemkalia kama mzigo umkaliavyo mchukuzi, naye hawezi kuutua mpaka atuliwe.

Baada ya hayo turudi kwa Waingereza. “Carry” si neno lao la asili. Neno lao la kale ni “bear”, ambalo walikuwa nalo tangu walipokuwa bado hawajaingia kisiwa chao. Neno hilo lina ndugu katika lugha nyingi: katika Kilatini ni “ferre”, katika Kiyunani “pherein”, na katika lugha ya kale ya Bara Hindi “bharati”, maana yake huchukua. “Bear” ni kuchukua kwa mwili wako mwenyewe. Kwa hiyo mwanamke “bears” mtoto, mti “bears” matunda, na mwenye huzuni “bears” huzuni yake. Neno “birth”, kuzaliwa, na neno “burden”, mzigo, yote mawili ni watoto wa shina hilo moja. Sisi nasi twasema kuchukua mimba, na twasema watu wa nyumba moja sharti wachukuliane. Waarabu nao hawakufanya mbali: kwao shina lao la kuchukua ndilo lililotupa “hamali”, mchukuzi wa mjini Unguja, na “himila”, mzigo, na hilo hilo likatupa “stahimili”. Basi mtu anayestahimili taabu, ukilifungua neno lake, utamkuta mchukuzi ndani.

“Carry” lilikuja nyuma sana, kwa njia nyingine. Mwaka 1066 watu wa Normandy, katika pwani ya Ufaransa, walivuka bahari wakaiteka Uingereza, wakaleta lugha yao. Katika lugha yao lilikuwamo neno “carier”. Neno hilo lilitokana na Kilatini “carrus”, nao Warumi walilipata kwa Wagalli, watu wa kale wa nchi iitwayo leo Ufaransa. Na “carrus” ni nini? Ni gari la magurudumu la kuchukulia mizigo! Basi “carry”, katika asili yake, si kuchukua kwa kichwa wala kwa bega. Ni kupakia garini, ukamwacha mnyama avute.

Ukoo wa neno hilo ni mkubwa. “Car” ni wa ukoo huo, na kwa kuwa sisi tumeifanya “motor-car” kuwa motokaa, basi sehemu ya mwisho ya neno letu motokaa ni mjukuu wa gari la Wagalli. “Cargo”, shehena ya meli, ni wa ukoo huo, aliyepitia Hispania. “Charge” naye ni ndugu: kwanza alikuwa kupakia mzigo, kisha kushindilia bunduki, kisha kumtwika mtu deni, kisha kumtwika mtu mashitaka.

Lakini jihadharini na wageni wanaofanana na jamaa. Neno letu “gari” si la ukoo huo, ingawa sura yake yadanganya; lilitoka Bara Hindi. Na neno “caravan”, ambalo Waingereza huuitia msafara, halina udugu na “carry” hata kidogo, bali ni la Kiajemi. Nimewasikia watu wenye elimu yao wakiyaunganisha maneno hayo mawili kwa ujasiri mkubwa. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Mbuni na mbuni ni sauti moja, lakini mmoja ni mti wa kahawa na mwingine ni ndege.

Sasa fikirini. Neno lililozaliwa na gurudumu lilikuja kutumika katika nchi isiyokuwa na gurudumu. Njia ya Tabora ilikuwa kijia tu cha watu kufuatana mmoja nyuma ya mwenziwe. Ng’ombe na punda walikufa kwa kuumwa na mbung’o. Si kwamba hapakuwa na waliojaribu. Katika miaka ya 1876 na 1877 wamisheni wa London walijaribu kupitisha magari ya kukokotwa na ng’ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa, na ng’ombe wao wakafa, jaribio likaachwa. Mwaka 1879 waliletwa tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam, ili wachukue mizigo kuja bara. Fikirini mshangao wa watu wetu, waliozoea kuona pembe za tembo zikichukuliwa na watu kwenda pwani, sasa wanamwona tembo amechukua mizigo ya watu akija bara! Tembo wale nao hawakuigeuza desturi ya njia.

Ilibaki bega. Mzigo wa mpagazi kwa kawaida ulikuwa yapata frasila mbili, yaani kama ratli 70, na juu yake aliongeza chakula chake, mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Nguo za merikani na kaniki zilifungwa robota kwa robota. Shanga zilitiwa katika mifuko. Masango ya shaba nyekundu na ya manjano yalining’inizwa katika ncha mbili za mti, mtindo uitwao mzega. Pembe kubwa sana ilichukuliwa na watu wawili. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, na walipofika Kaze, palipo Tabora yetu, ilikuwa tarehe 7 Novemba. Miezi minne na zaidi, na kila siku ya miezi hiyo palikuwa na watu walioinama asubuhi wakainua ratli zile. Mbele alikwenda kirangozi, nyuma walifuata wanyampara. Kati ya Ugogo na Unyamwezi walipita pori la Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa mbali na mbali, na aliyeanguka huko aghalabu hakuinuka.

Naomba msichanganye mpagazi na mtumwa. Watumwa walikuwako katika njia ile, na wengine walitwikwa mizigo pia, wala habari yao haifichiki. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira, na ujira wao ulipwao kwa nguo au kwa fedha waliudai kwa maneno makali. Wakidhulumiwa waliweka mizigo chini, wakarudi kwao, na bwana akabaki porini na mali yake isiyo na miguu. Kijana alisafiri kwenda pwani kama vijana wa nchi nyingine waendavyo vitani, na aliporudi alisikilizwa barazani. Nionavyo mimi, hawa ni miongoni mwa wafanya kazi wa kwanza wa kupatana mshahara katika nchi hii, nasi twawataja mno kama wanyama wa mizigo.

Basi turudi kwa msafiri wetu na mizigo yake sabini. Kiingereza humruhusu bwana awe mtenda wa neno “carry” hata kama mikononi mwake hana kitu ila fimbo ya kutembelea. Ni desturi ya lugha ile, si uwongo wa mwandishi. Ni kama asemavyo tajiri, “Nimejenga nyumba,” naye hajashika tofali. Lakini Kiswahili kinayo njia ya kusema kweli kwa herufi moja tu. Tunaweza kusema “alichukua”, na tunaweza kusema “alichukuza”. Alipagaa, alipagaza. Ile z ndogo hutuonyesha ya kuwa nyuma ya bwana kuna mtu mwingine. “Msafiri alichukuza mizigo sabini mpaka Tabora.” Hapo mtoto hataulizi tena mtu mmoja aliwezaje, atauliza, “Aliwachukuza akina nani?” Nawasihi walimu wenzangu watumie z hiyo mnapofasiri. Mwanafunzi akiandika “alichukua” mimi simpi alama sifuri, bali namwuliza mizigo ilikaa kwenye bega lipi.

Upande wa pili kuna kosa litokalo kwetu kwenda Kiingereza. Neno letu “kuchukua” ni pana kuliko “carry”. Nikisema “amechukua kalamu yangu”, Mwingereza husema “take”, si “carry”. Safari ilichukua miezi minne: hapo pia ni “take”. Nguo hii imekuchukua vizuri, yaani yakufaa: hapo hatumii lolote katika hayo mawili. Anawachukua wazee wake, yaani anawatunza kwa chakula na mavazi: hapo ana neno “support”, ambalo nalo, kwa bahati njema, asili yake katika Kilatini ni kuchukua kutoka chini. Lakini jahazi ilichukua watu ishirini: hapo “carry” linafaa kabisa. Stanley mwaka 1874 aliondoka Bagamoyo na mashua yake, Lady Alice, iliyokatwa vipande vipande na kuchukuliwa mabegani mpaka ziwa la Victoria Nyanza. Chombo kilichukuliwa na watu kwanza, ndipo kikachukua watu.

Matumizi mengine nitayapita upesi. “Carry on” ni kuendelea na kazi. “Carry out” ni kutimiza jambo lililoagizwa. Sauti ikisikika mbali, husemwa sauti hiyo “carries”, risasi vilevile. Azimio likikubaliwa katika baraza, husemwa “carried”, kana kwamba wajumbe wamelinyanyua juu. Katika hesabu, ukijumlisha 17 na 25, saba na tano ni kumi na mbili: waandika 2, wachukua 1, na hapo Kiingereza na Kiswahili vyaenda sambamba, maana Mwingereza naye husema “carry one”. Na huko Marekani, upande wa kusini, wako watu wasemao “carry” kwa maana ya kumsindikiza mtu au kumpeleka mahali, jambo ambalo mtu wa London hulishangaa.

Sasa nieleze jinsi neno hili la Kiingereza lilivyoingia katika Kiswahili, kwa maana liliingia, nasi twalitamka kila siku bila kulitambua. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, majeshi yalipigana katika nchi hii yetu kutoka mpaka wa kaskazini hata mto Ruvuma. Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na watu walidhani kazi ya upagazi imekufa. Kumbe vita viliifufua kwa ukali kuliko zamani. Mahali pasipo na reli wala barabara, risasi na unga vilikwenda kwa vichwa vya watu, na safari hii hapakuwa na kupatana. Walikamatwa vijijini. Waingereza waliwaweka wachukuzi wao katika kikosi kilichoitwa “Carrier Corps”. Kwa hesabu za serikali yao wenyewe, wachukuzi waliokufa walizidi 40,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa.

Mjini Dar es Salaam kikosi hicho kilikaa penye jumba la soko ambalo Wadachi walikuwa wamelijenga. Watu walilisikia jina la kikosi, “Carrier Corps”, wakalitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Ndilo jina la soko na mtaa mpaka leo, na Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo. Mtu anayekwenda Kariakoo kununua kitenge au viazi hutamka neno la magurudumu la Wagalli, lililopitia Normandy na Uingereza, likaishia katika jina la watu waliokufa wakichukua mizigo ya vita visivyokuwa vyao.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kutofautisha “carry” na “bring”. “Bring” ni kuleta. “Take” ni kupeleka. “Carry” halisemi unakwenda wala unakuja, husema tu mzigo u juu yako. Mfano wake ni huu. David Livingstone alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake, walioongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika nguo na magome ya mti, wakautungika katika mti wa kuchukulia. Walifika Unyanyembe, yaani hapa petu, mwezi wa Oktoba. Hapo walimkuta Mwingereza mmoja, Cameron, ambaye aliwashauri wamzike papa hapa, kwa kuwa njia ya mbele ina hatari. Walikataa. Kwa kuwa wenyeji wa njiani waliogopa maiti kupita katika nchi yao, waliufunga mwili upya ukawa na sura ya robota la nguo, mzigo kama mizigo yote ya njia ile, wakasonga mbele mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874.

Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa katika kanisa la Westminster, mjini London. Juu ya jiwe la kaburi lake waandishi hawakutumia “carry”. Walitumia “brought”, yaani aliletwa, wakataja ya kuwa walioleta ni mikono iaminikayo. Wao walikuwa upande wa kupokea, kwa hiyo neno lao ni sahihi katika sarufi. Lakini majina ya wenye mikono hiyo hayakuandikwa juu ya jiwe. Susi na Chuma hawakuwako siku ya maziko. Katika watu wa safari ile alikuwako mmoja, Jacob Wainwright, aliyesafiri na mwili katika meli.

Kwa wanafunzi, kazi yenu ya juma hili ni hii: andikeni kwa Kiingereza sentensi tatu juu ya safari ile ya Susi na Chuma kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo. Moja iwe na “carry”, moja iwe na “bring”, na moja iwe na “bear”. Kisha zifasirini kwa Kiswahili, na katika kila sentensi mtajeni mchukuzi kwa jina lake.